Wakili Asiyelipwa na Kesi ya Nyumbani

Mwaka 1980, Mahakama ya Mwanzo katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, ilivunja ndoa ya mwanamke mmoja na mumewe. Ulipofika wakati wa kugawana mali, mahakama ikamwambia mwanamke huyo kwamba hana fungu lolote. Nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake mwenyewe, naye alikuwa mke tu. Alikata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Kwa mtu asiye na kipato, kesi nyingi huishia hapo, si kwa sababu hoja zimekwisha bali kwa sababu nauli, ada na moyo vimekwisha.

Hii haikuishia hapo. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichukua faili lake na kulifikisha Mahakama ya Rufani, mahakama ya juu kuliko zote nchini. Mwaka 1983 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo leo kila mwanafunzi wa sheria nchini Tanzania anaijua kama kesi ya Bi Hawa Mohamed. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 114, inasema mahakama igawe mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Majaji walisema kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango.

Ukweli wote usemwe. Mwanamke mwenyewe hakuambulia kitu katika ile nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumkabidhi fedha za mradi wa familia naye akazitumia ovyo, hivyo fungu lake likahesabiwa kuwa limeshaliwa. Lakini msimamo uliowekwa siku ile ulibaki. Tangu wakati huo maelfu ya wanawake ambao hawajawahi kuwa na mshahara wameingia mahakamani wakijua kwamba miaka yao ya jikoni ina uzito mbele ya sheria. Walimu na wanafunzi wa chuo ndio waliolifikisha suala hilo mbele ya majaji, kwa mteja ambaye asingeweza kuwalipa.

Kazi ya wakili wa kujitolea mara nyingi husimuliwa kama sadaka: mwenye elimu anamhurumia asiye nayo. Simulizi hiyo inapunguza ukubwa wa jambo lenyewe. Sheria ya nchi hujengwa na kesi zinazofika mbele ya majaji, na kesi za watu wa kipato cha chini zisipofika huko, sheria itaendelea kukua kwa kufuata matatizo ya wenye uwezo peke yao.

Watu wengi huamini kwamba mtu maskini akiwa na kesi, Serikali humpa wakili. Hilo lina ukweli upande mmoja tu. Tangu mwaka 1969 Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya msaada wa kisheria, lakini sheria hiyo ilihusu mashauri ya jinai. Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji aliwekewa wakili na mahakama, na wakili huyo alilipwa na Serikali, japo kidogo. Upande wa madai hapakuwa na mpango kama huo. Huko ndiko ziliko kesi za talaka, matunzo ya watoto, mirathi, mashamba, pango, mshahara usiolipwa na mkopo uliogeuka kitanzi. Ndizo kesi zinazozigusa familia nyingi. Raia mmoja kati ya wengi sana ndiye atakayewahi kushtakiwa kwa jinai kubwa, lakini karibu kila ukoo utapitia msiba na kugawana urithi.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina utaratibu wa kumruhusu mtu fukara kufungua kesi bila kulipa ada ya mahakama. Ni utaratibu mzuri, ila msamaha wa ada si wakili. Aliyesamehewa ada bado anatakiwa kuandika hati ya madai, kuambatanisha vielelezo, kupanga mashahidi, na kujibu pingamizi za kisheria zitakazoletwa na wakili wa upande wa pili.

Pengo hilo lilizibwa na watu waliojitolea, na walianza mapema. Kamati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1967, miaka sita tu baada ya kitivo chenyewe kufunguliwa. Mwaka 1989 wanasheria wanawake walianza kutoa ushauri chini ya SUWATA, lile Shirika la Uchumi la Wanawake, na mpango huo ukakua hadi kuwa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha WLAC. Wakati huohuo kikazaliwa Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilichosajiliwa 1990. Zanzibar, Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa waasisi wa Kituo cha Huduma za Sheria mwaka 1992. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafuata mwaka 1995. Kenya ilikuwa na safari yake yenyewe: Kituo cha Sheria kilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na mawakili waliokuwa wakitoa muda wao baada ya kazi, na FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, likaanza 1985, mwaka ule Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake.

Kwa Tanzania Bara, sheria mpya ilipatikana mwaka 2017. Sheria ya Msaada wa Kisheria iliifuta ile ya 1969 na kuleta mambo matatu makubwa. Iliingiza kesi za madai ndani ya msaada wa kisheria, ikampa jaji au hakimu uwezo wa kuelekeza mtu asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapodai hivyo, na ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakifanya kazi bila jina lolote katika vitabu vya sheria. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2018. Kenya ilikuwa imetangulia, mwaka 2016, ikiongozwa na Katiba yake ya 2010 ambayo ibara ya 48 inaitaka Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki na ada isiwe kizuizi.

Mtu anayeingia katika ofisi ya msaada wa kisheria kwa mara ya kwanza hukutana na maswali kabla ya majibu. Anaulizwa tatizo lake, kipato chake, wanaomtegemea, na kama shauri limeshafika mahakamani au kwenye baraza lolote. Anaombwa karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, barua ya mtendaji, mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe, risiti, hata ujumbe wa simu. Wengi huja na mfuko wa plastiki wenye makaratasi ya miaka kumi yaliyochanganyika. Saa nzima ya kwanza ya wakili hupita akizipanga karatasi hizo kwa tarehe, na mara nyingi kesi huanza kueleweka wakati huo.

Si kila anayekuja anahitaji kufungua kesi. Wengi wanahitaji barua moja tu yenye nembo ya ofisi ya sheria, inayomkumbusha baba wajibu wake wa matunzo au mwenye nyumba kwamba hawezi kutoa vyombo vya mpangaji nje kwa mabavu. Wengine wanahitaji usuluhishi. Sheria ya Ndoa yenyewe inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya shauri la talaka kupokelewa, isipokuwa kwa sababu maalumu, na mwanamke anayekwenda moja kwa moja mahakamani bila hati ya baraza hurudishwa alikotoka. Amepoteza nauli, pengine siku nzima ya biashara, kwa kutoambiwa neno moja.

Yapo pia mambo ambayo wanasheria hawa huyasahihisha kila wiki. Mojawapo ni imani kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili wanakuwa wameoana moja kwa moja. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kutakuwa na dhana ya ndoa, na dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mtu aliyejengea maisha yake yote juu ya miaka miwili hiyo huumia sana anapogundua kwamba anatakiwa kuthibitisha kuwa jamii iliwatambua kama mume na mke, na kwamba mwenzake hakuwa na ndoa nyingine inayozuia ya kwao.

Mirathi ndiyo shule kubwa kuliko zote. Tanzania Bara ina mifumo mitatu ya kurithi inayokwenda sambamba: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na sheria ya kiserikali iliyorithiwa kutoka India ya mwaka 1865, wakati Uingereza ilipokuwa ikitawala huko. Mahakama hupima maisha ya marehemu ili kujua ipi itumike. Familia ikishindwa kukubaliana kuhusu hilo, msiba hugeuka kuwa vita kabla ya arobaini.

Hata pale ambapo wote wanakubaliana, njia ina vituo vingi. Kinahitajika cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa Serikali wa usajili. Kwa desturi mahakama hutaka pia muhtasari wa kikao cha ukoo unaoonyesha nani amependekezwa kuwa msimamizi. Inajazwa Fomu Namba 1 katika Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Baadaye lazima arudi na hesabu ya mgawanyo.

Hatua hizi mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika, na madhara yake ni makubwa. Msimamizi, mara nyingi kaka wa marehemu, hupata barua ya uteuzi akadhani amekabidhiwa mali. Anauza kiwanja, anapangisha nyumba, anahamisha jina la gari. Kisheria yeye ni mtumishi wa warithi. Mjane anayelijua hilo anaweza kumwomba hakimu amwite msimamizi atoe hesabu, na akishindwa uteuzi wake unaweza kutenguliwa. Mjane asiyelijua husubiri hadi mnunuzi abishe hodi. Wakili wa kujitolea aliyemweleza mama huyu haki yake katika mwezi wa pili amefanya kazi kubwa kuliko atakayemtetea mwaka wa tano, nyumba ikiwa tayari mikononi mwa mtu wa tatu.

Ukomo wa muda ni adui mwingine. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Anayepinga uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Siku hizi hazimsubiri mtu aliyekuwa akiuguza, akitafuta fedha, au akimsubiri mjomba arudi safari ili ashauri. Kuongezewa muda kunawezekana, lakini kunahitaji maombi, kiapo na sababu za kila siku iliyopotea, na hayo nayo yanahitaji mtu ajuaye kuyaandika.

Karatasi ina nguvu ya kuangusha hata haki iliyo wazi kabisa. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wote washonaji wa nguo, waliyaona hayo kwa macho yao. Waume zao walipofariki, ndugu wa marehemu walichukua mali na kuwatoa katika nyumba walizokuwa wakiishi na watoto wao, wakitegemea Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Tamko hilo lilimnyima mjane urithi maadamu marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Matunzo yake yakawekwa mikononi mwa watoto wake. Kwa msaada wa WLAC wajane hao wakafungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu mwaka 2005.

Mahakama Kuu, katika hukumu ya Septemba 2006, ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi. Hata hivyo ilikataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila zote za nchi zingefuata kupingwa mahakamani. Wajane wakakata rufaa. Walisubiri miaka minne, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao bila kusikiliza hoja, kwa sababu hati ya amri iliyotakiwa kuambatana na hukumu ilikuwa na kasoro. Kasoro hiyo ilitoka mahakamani, si kwao.

Wanasheria wao hawakuacha. Wakishirikiana na kliniki ya haki za wanawake ya Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, walipeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za wajane hao, na kwamba wanastahili fidia na sheria zinazowanyima urithi zirekebishwe. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu shauri la kwanza lifunguliwe. Hakuna mshonaji wa Shinyanga ambaye angemudu kulipa wakili kwa miaka 10.

Baadaye mambo kadhaa yalirekebishwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria za mwenendo ili majaji waliweke mbele lengo la kutenda haki. Kesi nyingine zimeokolewa kwa njia hiyo, nyingine la, kwa kuwa majaji wamekuwa wakisisitiza pia kwamba lengo hilo halifuti taratibu. Familia isiyo na wakili haiwezi kujua iko upande gani wa mstari huo.

Mwaka 2021 ulileta mabadiliko mengine yaliyogusa mwananchi wa kawaida. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mtu alitoa ushahidi kwa Kiswahili, hakimu wa Mahakama ya Wilaya akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ikatoka kwa Kiingereza, kisha aliyeshindwa akamtafuta mtu wa kumsomea ameshindwa kwa nini. Mwaka huohuo Mabaraza ya Kata yalivuliwa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi. Mawakili nao wakaruhusiwa kusimama katika Mahakama za Mwanzo zinazoendeshwa na hakimu mkazi, jambo lililokuwa limekatazwa tangu zamani.

Badiliko hili la mwisho lina sura mbili. Zamani Mahakama ya Mwanzo ilikuwa uwanja wa sawa kwa sawa: hakuna aliyekuja na wakili, kila mmoja alijieleza. Sasa mwenye fedha anaweza kuja na mtaalamu, na asiye nazo akabaki peke yake mbele ya hakimu. Kwa hiyo uhitaji wa wanasheria wa kujitolea umeshuka hadi ngazi ya chini kabisa ya mahakama, mahali ambapo hapo awali msaada uliohitajika ulikuwa ushauri wa nje ya chumba cha mahakama.

Nchi ya watu milioni 61.7, kwa sensa ya 2022, haiwezi kutegemea mawakili peke yao, hasa ukizingatia kwamba wengi wana ofisi zao mijini. Kijijini anayebeba mzigo ni msaidizi wa kisheria. Huyu mara nyingi si mwanasheria. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mkulima au mama wa kikundi cha akiba aliyepata mafunzo ya sheria za msingi na kusajiliwa. Anaeleza sheria, anaandika barua, anasindikiza watu kwa mtendaji au ustawi wa jamii, anasuluhisha, na jambo likimzidi analipeleka kwa wakili. Haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, na haruhusiwi kudai malipo. Mashirika ya wasaidizi hawa yameenea katika wilaya za Bara na Visiwani, kwa sehemu kubwa kwa ruzuku za LSF, mfuko wa huduma za kisheria ulioanza mwaka 2011.

Ukaribu wao ni nguvu yao. Msaidizi wa kisheria anajua shamba linalogombewa lilikuwa la nani kabla ya operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji, anamjua shangazi ambaye wote wanamheshimu na anaweza kuituliza familia. Anajua pia kuwaeleza wazee wa ukoo kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, na anawaeleza kwa lugha wanayoikubali. Lakini ukaribu huohuo ni mtihani. Anaishi na hao anaowakabili. Akimsaidia mjane leo, kesho atakutana na shemeji wa mjane huyo kisimani, sokoni na msikitini au kanisani. Anajilipia nauli, anapoteza siku za shamba, na bado anashukiwa kuwa amekula upande wa pili. Watu hawa wanastahili posho ya uhakika ya usafiri kutoka halmashauri zao.

Pembeni ya mageti ya mahakama wapo watu wa aina nyingine. Wananchi huwaita vishoka. Hujitambulisha kama mawakili, huwa na muhuri mfukoni, na huandika hati kwa bei ya papo hapo. Hati hizo zikifika mbele ya hakimu hukutwa hazina thamani, na muda wa kisheria unakuwa umeshapita. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa intaneti uitwao e-Wakili, ambako jina la wakili linaweza kuangaliwa kama amesajiliwa na ana leseni ya mwaka huo. Shirika la kweli la msaada wa kisheria huwa na cheti cha usajili ukutani, hutoa faili lenye namba, na halidai senti kwa huduma. Anayeombwa "ya soda" ili faili lisonge ana haki ya kumripoti kwa msajili msaidizi, ambaye wilayani ni afisa maendeleo ya jamii.

Wapo pia wanaokutana na wakili kwa mara ya kwanza katika hema. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Wiki ya Sheria huwatoa majaji, mahakimu na wanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika ofisini na kuwaweka viwanjani. Dar es Salaam huwa Mnazi Mmoja. Mwaka 2023 Serikali ilizindua huko Dodoma Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyowapeleka wanasheria mkoa kwa mkoa hadi kwenye kata na vijiji. Ilionyesha wazi jinsi migogoro ya ardhi na mirathi ilivyolundikana. Tatizo la hema ni kwamba huondoka. Mgogoro uliodumu miaka 15 hauishi kwa ushauri wa dakika 20, na aliyeandikiwa barua siku ya kampeni anahitaji mtu wa kumrudia barua ile ikipuuzwa.

Kwa sababu hiyo jengo la Temeke, Dar es Salaam, linastahili kutazamwa. Ni mojawapo ya Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilivyozinduliwa mwaka 2021, nacho kimetengwa kwa mashauri ya familia, yaani ndoa, watoto na mirathi. Mahakama za ngazi mbalimbali, kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, ziko chini ya paa moja, na watoa msaada wa kisheria wana nafasi humohumo. Mama aliyetumwa kutafuta cheti, ushauri na fomu hashuki kwenye daladala tatu tofauti. Msaada ukiwa korido moja na hakimu, mtu humfikia wakili kabla hajajaza fomu isivyo, wakati kosa bado halijafanyika. Mikoa ambako mwananchi husafiri siku nzima hadi makao makuu ya wilaya ingenufaika zaidi na mpango kama huo kuliko Dar es Salaam.

Limebaki jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni siku ya pili baada ya ushindi. Hukumu haijitekelezi. Aliyeshinda anapaswa kurudi mahakamani na maombi ya kukazia hukumu, ateuliwe dalali wa mahakama, gharama za dalali zitafutwe, na aliyeshindwa huwa na nafasi ya kuomba zuio au kukata rufaa. Baba aliyeamriwa kutoa matunzo kila mwezi anaweza kutoa miezi miwili kisha akahama mji. Bajeti za mashirika mengi huhesabu kesi zilizosikilizwa na watu waliopewa ushauri. Miezi ya kufuatilia utekelezaji haionekani katika takwimu hizo, na wakili wa kujitolea huwa ameshachukua faili jingine. Ndiyo maana familia inayopewa wakili wa bure inashauriwa kumuuliza mapema, ikiwezekana siku ya kwanza, kama ofisi yake itakuwa nao mpaka mali ikabidhiwe au mpaka hukumu isomwe tu, na kama ni hukumu tu, nani atawaandikia maombi ya kukazia, na ni nakala zipi za hukumu na amri, zenye muhuri wa mahakama, wanazopaswa kuzichukua kabla faili halijarudishwa masjala.